Meza ya Misumari: Enzo Mari na Programu Huria Kabla ya Programu Huria

Leo tuache kidogo mambo ya seva na lugha za programu, tuzungumze kuhusu fanicha. Ngoja, usiondoke bado. Fanicha ninayotaka kuizungumzia ilitolewa kwa umma mjini Milan, Italia, mwaka 1974, na mtu yeyote aliyewahi kuandika programu akiichunguza atakuta mambo anayoyafahamu vizuri: msimbo ulio wazi, leseni yenye sharti, na mwandishi anayewaomba watumiaji wamtumie marekebisho yao. Yote haya miaka 9 kabla ya Richard Stallman kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983.

Mwenye fanicha hiyo anaitwa Enzo Mari.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mgonjwa wa vitu vilivyosanifiwa vizuri. Kikokotoo chenye vitufe vinavyobonyea inavyopasa kinanifurahisha kuliko simu mpya. Taipureta ya zamani ikiwa mbele yangu siwezi kupita bila kugusa. Wagonjwa wenzangu mnajielewa. Lakini ugonjwa huu una swali ndani yake ambalo wakusanyaji wengi hatupendi kuulizwa: kitu kizuri ni cha nani hasa? Ni cha aliyekisanifu? Ni cha mwenye pesa za kukinunua mnadani? Au ni cha yeyote mwenye msumeno na nyundo? Mari alilijibu swali hili kwa mbao na misumari, na jibu lake bado linatuhusu sisi tunaoandika programu.

Tuanze na taipureta

Ili kuelewa alichofanya Mari, lazima kwanza tuone Italia ya wakati wake ilikuwa ikitengeneza nini.

Kaskazini mwa nchi hiyo kuna mji mdogo uitwao Ivrea. Hapo ndipo Camillo Olivetti alipoanzisha kiwanda chake cha taipureta mwaka 1908. Mwanawe, Adriano Olivetti, alikigeuza kuwa mahali ambapo mhandisi na msanifu waliketi meza moja. Mwaka 1950 wakatoa Lettera 22, taipureta ya kubeba mkononi iliyosanifiwa na Marcello Nizzoli pamoja na mhandisi Giuseppe Beccio. Ilikuwa bapa na nyepesi, na kila kilichokuwamo kilikuwa na sababu ya kuwamo. Mwaka 1954 ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kupewa tuzo ya Compasso d'Oro, ambayo kwa wasanifu wa Italia ni heshima kubwa kuliko zote.

Mwaka 1965 kampuni hiyohiyo ilipeleka New York mashine iliyoitwa Programma 101. Iliundwa na kikundi kidogo kilichoongozwa na mhandisi Pier Giorgio Perotto, na umbo lake la nje lilisanifiwa na Mario Bellini, kijana aliyekuwa na miaka 30 tu. Ilikaa juu ya meza, ilikubali programu, na programu hizo zilihifadhiwa kwenye kadi ya sumaku ambayo mtu aliweza kuitia mfukoni akaenda nayo nyumbani. Bei yake ilikuwa dola 3,200 wakati kompyuta za kawaida zilijaza chumba. NASA walinunua kadhaa na kuzitumia katika hesabu za safari ya Apollo 11. Wengi huihesabu kuwa babu wa kompyuta ya mezani. Na ilinusurika kwa ujanja: mwaka 1964 Olivetti walikuwa wameuza idara yao ya elektroniki kwa General Electric ya Marekani, na kikundi cha Perotto kiliiokoa mashine yao kwa kuiita kikokotoo badala ya kompyuta. Jina linaweza kuokoa mradi. Hilo tunalijua hadi leo.

Halafu mwaka 1969 ikaja Valentine, taipureta ya plastiki nyekundu iliyosanifiwa na Ettore Sottsass akishirikiana na Perry King. Sottsass alitaka iwe rahisi na ya bei ya chini, kitu cha kila mtu, mfano wa kalamu ya biro. Alifikiria hata kuacha herufi ndogo ili kupunguza gharama. Kampuni haikukubali. Iliyotoka ilikuwa na mitambo ya taipureta nyingine ya Olivetti, Lettera 32, iliyovikwa ganda jipya la kupendeza. Haikuuzwa sana kama chombo cha kazi. Ikaenda kuketi katika makumbusho, ambako imeketi hadi leo, nyekundu na kimya.

Hapa ndipo penye tatizo. Tazama yaliyompata ndugu yake Lettera 32. Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Cormac McCarthy, alinunua moja katika duka la rehani huko Knoxville, Tennessee, kwa dola 50, akaandikia vitabu vyake kwa miongo kadhaa. Desemba 2009 ilipigwa mnada na Christie's kwa dola 254,500, pesa zikaenda kusaidia taasisi ya utafiti ya Santa Fe. McCarthy naye akapata nyingine ya aina ileile, ambayo haikufika dola 20, akaendelea na kazi yake.

Soma aya hiyo tena. Mashine mbili za aina moja, kiwanda kimoja, herufi zilezile. Moja ni robo milioni ya dola, nyingine ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Aliyenunua ile ya kwanza alinunua hadithi. Aliyebaki na chombo ni mwandishi.

Nami simlaumu mkusanyaji, maana hadithi nazo zina thamani. Ila vitu vizuri vina mwelekeo huo: vinaanza vikiwa vya mikono ya watu, vinaishia nyuma ya kioo. Mari aliuona mwelekeo huo mapema akatafuta namna ya kusanifu kitu kisichoweza kufungiwa.

Mari alikuwa nani?

Enzo Mari alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Novara, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1952 aliingia chuo cha sanaa cha Brera mjini Milan. Hakusomea uhandisi wala usanifu majengo. Alitokea upande wa sanaa, akijiuliza jinsi macho ya binadamu yanavyosoma maumbo.

Mwaka 1957 alibuni mchezo wa watoto uitwao 16 Animali, uliotolewa na kampuni ya Danese. Ni ubao mmoja wa mstatili uliokatwa kuwa wanyama 16: tembo, twiga, kiboko, nyoka na wenzao. Kila mnyama anasimama peke yake, na wote wakirudishwa mahali pao wanakaa pamoja bila kuacha nafasi, kama fumbo. Mgongo wa huyu ndio tumbo la yule. Ukiwa mtu wa programu utaelewa uzuri wake mara moja: mstari mmoja unafanya kazi mbili.

Aliendelea hivyo kwa miaka mingi. Alisanifu kalenda ya mezani ya kudumu iitwayo Timor, vyombo vya kuwekea maua, viti, vikapu vya takataka. Alishinda Compasso d'Oro mara kadhaa. Angeweza kuishi maisha ya starehe akisanifu vitu vizuri vya watu wenye pesa.

Shida ni kwamba alikuwa mkomunisti mwenye hasira, tena mkweli. Alisema waziwazi kwamba viwanda havitengenezi kile watu wanachohitaji bali kile kinachouzika, na kwamba wasanifu wenzake wamekuwa wapambaji wa bidhaa. Mwaka 1972 jumba la makumbusho la MoMA huko New York liliandaa maonyesho makubwa ya usanifu wa Italia. Wengine walipeleka vyumba vya ajabu vya plastiki na taa. Mari alipeleka maandishi.

Hasira peke yake haijengi meza. Miaka miwili baadaye akaijenga.

Milan, 1974

Mradi wake uliitwa Proposta per un'autoprogettazione. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "Pendekezo la Kujisanifia Mwenyewe". Ulionyeshwa mwaka 1974 katika Galleria Milano. Ulikuwa na fanicha 19: meza za aina mbalimbali, viti, mabenchi, vitanda, kabati na rafu za vitabu. Zote zilitengenezwa kwa mbao za kawaida zinazouzwa dukani, zilizokatwa kwa urefu fulani na kupigiliwa misumari. Hapakuwa na gundi, wala viungio vya kuchonga, wala mashine ya bei ghali. Msumeno, nyundo, misumari, mbao, siku moja au mbili.

Pamoja na fanicha kulikuwa na kitabu cha michoro. Kila kipande kilionyeshwa kwa picha na mchoro, na orodha ya mbao na vipimo vyake. Mtu aliyetaka michoro hiyo alituma gharama ya stempu tu, akatumiwa. Maombi yalikuja kwa maelfu.

Tafadhali tuelewane: mchoro huo ni msimbo chanzo. Meza ni programu iliyokwisha kukusanywa na mashine. Kampuni ya kawaida ya fanicha inakuuzia meza na kuuficha mchoro. Mari alifanya kinyume: mchoro alikupa, meza ukajitengenezee.

Wapo waliokaribia wazo hili kabla yake. Mholanzi Gerrit Rietveld alisanifu fanicha za mbao za masanduku mnamo mwaka 1934, ambazo mnunuzi aliweza kuziunganisha nyumbani. Wale wa IKEA nao walianza kuuza fanicha za kuunganishwa na mteja katika miaka ya 1950. Lakini kuunganisha si kutengeneza. Ukipewa vipande vilivyokwisha kutobolewa na ufunguo mdogo wa kukazia skrubu, unafuata hatua 1 hadi 14 kama unavyobonyeza "endelea, endelea, maliza" unapoweka programu. Ukimaliza unayo rafu, lakini hujui kwa nini inasimama. Kwa Mari, kujua kwa nini inasimama ndiyo bidhaa yenyewe.

Leseni

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni masharti aliyoyaweka. Yalikuwa mafupi kuliko leseni yoyote niliyowahi kuisoma. Nitayaeleza kwa maneno yangu.

La kwanza: mtu yeyote anaruhusiwa kutumia michoro hii kujitengenezea fanicha mwenyewe, isipokuwa viwanda na wafanyabiashara.

La pili: anayejenga, na hasa anayebadilisha, anaombwa atume picha kwenye ofisi ya Mari.

Hilo la kwanza wenye ujuzi wa leseni wataliweka karibu na zile zinazokataza biashara. Si sawa na GPL, ambayo ilitolewa mwaka 1989 na inamruhusu hata mfanyabiashara mradi asiufiche msimbo. Watu wa programu huria watasema leseni ya Mari si huria kamili, na kwa kipimo chao wana haki. Lakini tazama hofu iliyokuwa nyuma ya kila moja. Stallman aliogopa mtu atachukua kazi ya wote aifungie ndani. Mari aliogopa kiwanda kitachukua meza ya misumari kiiuze kama mtindo mpya kwa watu wasiotaka kushika nyundo. Hofu zao ni ndugu.

Hilo la pili ndilo lililonifanya nicheke kwa furaha mara ya kwanza nilipolisoma. "Nitumieni mlichobadilisha." Huo ndio moyo wa programu huria wote kwa sentensi moja. Hakuomba malipo, aliomba aone watu wamefikiri nini. Na watu walituma kweli: waliobadilisha vipimo, waliobadilisha umbo, waliojenga kitu ambacho hakimo kitabuni kabisa.

Kwa nini meza haianguki

Tuje kwenye ufundi, maana bila ufundi haya yote ni siasa tu.

Adui mkubwa wa fanicha si uzito wa kutoka juu bali kusukumwa kutoka ubavuni. Chukua vijiti vinne, viunganishe kwa msumari mmoja kila kona upate mraba. Sukuma upande mmoja: mraba unalala kama mlevi. Sasa pigilia kijiti cha tano kutoka kona moja hadi kona iliyo mkabala. Haulali tena. Umeugeuza mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadilisha umbo mpaka upande mmoja ubadilike urefu au uvunjike. Ndiyo maana kenchi za paa la nyumba yenu ni pembetatu juu ya pembetatu, na nguzo kubwa za umeme vilevile.

Seremala mzuri anamshinda adui huyu kwa viungio: anachonga ulimi katika ubao mmoja na tundu katika mwingine, vinashikana kwa nguvu hata bila msumari. Ni kazi ya kupendeza, lakini inataka miaka ya kujifunza. Mari alihitaji njia ambayo karani wa posta asiyewahi kushika randa angeiweza Jumamosi mchana. Kwa hiyo alihamisha akili kutoka kwenye kiungio akaiweka kwenye umbo. Kiungio kikawa cha kijinga kabisa, msumari tu; umbo likabeba werevu wote. Chini ya baadhi ya meza zake utaona mbao zilizolala mshazari zikishikana na miguu. Si pambo, ndizo zinazozuia meza isilale.

Sisi tunalijua wazo hili. Vipande vya msimbo vikiwa rahisi na mpangilio wake ukiwa imara, hata mwanafunzi anaweza kuongeza kitu bila kubomoa jengo. Vipande vikiwa vya kijanja mno, ni mwenyewe tu anayeweza kuvigusa, na akiacha kazi mradi unakufa naye.

Meza ninayoandikia sasa nimeijenga kwa njia hiyo: mbao za saiprasi, misumari ya inchi mbili, msumeno wa kuazima. Niliifupisha ili ienee kati ya dirisha na kitanda, na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akifundisha. Ukifupisha ubao wa juu, mshazari wa chini nao unabadilika pembe, na lazima ujue ni upi wa kukata na kiasi gani. Mtu aliyenunua meza dukani hana sababu ya kulijua hilo. Tangu siku hiyo nikiingia chumba chochote nainama kuangalia chini ya meza, na wenyeji wananishangaa. Naona palipofichwa ubao mwembamba chini ya rangi nzuri, naona palipotegemewa gundi badala ya umbo. Hilo hasa ndilo lililokuwa lengo la Mari: mtu akijenga kitu kimoja kwa mikono yake, hadanganyiki tena kirahisi na vitu vingine vyote.

Wakati huohuo, California

Machi 1975, mwaka mmoja baada ya Mari, wapenzi wa elektroniki walikutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Steve Wozniak alikuwa miongoni mwao. Alisanifu kompyuta yake akagawa michoro bure kwa wenzake wajijengee. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1976 kama Apple I, kwa dola 666.66, mnunuzi alipata ubao wa saketi tu. Sanduku alijitengenezea, na baadhi walilitengeneza kwa mbao. Naam, fanicha ya nyumbani yenye kompyuta ndani.

Kompyuta hizo zilikuwa takriban 200. Oktoba 2014 moja iliuzwa mnadani kwa dola 905,000 na kwenda kwenye makumbusho ya Henry Ford. Safari ileile: kutoka gereji hadi nyuma ya kioo.

Kwa muda uwazi huo uliendelea. Kitabu cha maelezo cha Apple II cha mwaka 1978 kilikuwa na michoro ya saketi. IBM walipotoa PC yao mwaka 1981, kitabu chao cha kiufundi kilichapisha hata msimbo wa BIOS. Lakini hapa pana somo. Msimbo wa IBM ulionekana, ila ulilindwa na hakimiliki. Ndiyo maana Compaq, walipotaka kutengeneza kompyuta inayolingana nayo mwaka 1982, ilibidi waandike BIOS yao upya, kazi hiyo ikifanywa na watu ambao hawakuusoma ule wa IBM. Kuona si kuruhusiwa. Mari alitoa vyote viwili kwa mtu wa kawaida: macho na ruhusa.

Kusomwa vibaya

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda sawa. Baadhi ya wasanifu wenzake walimcheka. Na wengi walioomba michoro, kwa maelezo yake mwenyewe, hawakumwelewa. Walipenda sura ya kishamba ya zile mbao. Waliitaka kwa nyumba zao za mapumziko. Somo walilitupa wakabaki na mtindo. Ni wachache sana, alisema, waliojenga ili waelewe.

Kila mwenye mradi huria anaijua huzuni hii. Unaweka msimbo wazi ukitumaini watu watausoma. Wengi wanashusha tu faili, wanabonyeza, wanaondoka.

Lakini mlango ukiwa wazi, huwezi kujua nani ataingia. Mwaka 2002 kitabu kilichapishwa upya, kizazi kipya kikaanza kukisoma. Mwaka 2010 kampuni ya Artek ya Finland, kwa makubaliano na Mari, ilianza kuuza kiti chake kiitwacho Sedia 1. Ulichonunua hakikuwa kiti: kilikuwa mbao za msonobari zilizokatwa, misumari na maelekezo. Kujenga juu yako.

Kisha Berlin. Katika mtaa wa Kreuzberg ulianza mradi ulioitwa Cucula. Vijana wa Afrika Magharibi, waliopita jangwani na baharini hadi Lampedusa na kutoka hapo Ujerumani, hawakuwa na haki ya kufanya kazi huko. Walianza kwa kujijengea fanicha za vyumba vyao kwa kutumia michoro ya Mari. Baadaye Mari aliwapa ruhusa wazitengeneze na kuziuza ili zilipe masomo yao na maisha yao. Yule aliyewakataza viwanda na wafanyabiashara aliulegeza mkono kwa watu hawa. Baadhi ya viti walivyotengeneza walivitia vipande vya mbao kutoka kwenye mashua zilizowavusha wakimbizi kufika Lampedusa.

Fikiria ubao huo. Ulikuwa mashua, ukawa kiti, kwa mchoro uliotolewa Milan kwa bei ya stempu miaka 40 nyuma yake. Hakuna mnada unaoweza kupanga bei ya hilo.

Miaka 40 ya kufuli

Mari alifariki mjini Milan tarehe 19 Oktoba 2020, wakati wa janga la korona. Mkewe, Lea Vergine, mhakiki mashuhuri wa sanaa, alifariki siku iliyofuata. Siku mbili kabla ya kifo chake yalikuwa yamefunguliwa maonyesho makubwa ya kazi zake katika jumba la Triennale mjini humo.

Nyaraka zake zote alizitoa kwa jiji la Milan kwa sharti moja: zikishaonyeshwa hapo, zifungwe kwa miaka 40. Aliamini kwamba kizazi cha sasa kimeharibika mno kuweza kuzitumia vizuri, labda wajukuu watafaa.

Mtu aliyefungua michoro yake kwa kila mwenye stempu akafunga kabati lake kwa miaka 40! Nimelifikiria sana hili na sitaki kulipamba. Nadhani alikuwa amechoka kusomwa vibaya. Lakini hata yeye hakuweza kukirudisha alichokwisha kukitoa. Michoro ya 1974 iko kila mahali. Kufuli la kabati haliwezi kumfikia seremala aliyekwisha kuupata mchoro, wala kuing'oa meza yangu kati ya dirisha na kitanda.

Basi tufanye nini?

Huku kwetu tunaijua thamani ya mchoro ulio wazi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hawakuhitaji kuiomba kampuni yoyote ya ng'ambo itukumbuke. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, wakaketi wakafanya kazi. Wangepewa programu nzuri iliyofungwa, wangebaki kuisifia tu, kama mimi na Valentine nyekundu nyuma ya kioo.

Upande wa pili nenda Luthuli Avenue, Nairobi, ukawaangalie mafundi wa simu wakipasha moto kioo kilichogandishwa kwa gundi ili wafike kwenye betri. Simu ni nzuri, sibishi. Lakini imesanifiwa kana kwamba mwenyewe ni mgeni asiyeruhusiwa jikoni. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa bidhaa zinazoharibika. Ni mwanzo mwema, lakini sheria inamlazimisha tu mtengenezaji asikufungie mlango. Mari alikuonyesha mlango ulivyojengwa.

Kwa hiyo kipimo changu cha kitu kilichosanifiwa vizuri kimebadilika. Zamani niliuliza: kinapendeza? kinafanya kazi? Sasa naongeza la tatu: nikikitazama kwa makini, kinanifundisha namna ya kukitengeneza? Lettera 22 inafaulu kwa sehemu. Ifungue na utaona kila kitufe kinavuta nini. Simu nyingi zinafeli. Meza ya misumari inapata alama zote, na ndiyo ya bei ya chini kuliko vyote nilivyovitaja leo.

Kama una programu ndogo uliyoiandika na umeificha kwa sababu unaiona ni ya kishamba, kumbuka mbao zisizopigwa randa. Andika maelezo yake vizuri, weka vipimo, iachie. Wengi watashusha faili na kuondoka. Mmoja atakutumia picha ya alichobadilisha.

Na Jumamosi ukiwa huna kazi, nunua mbao chache na robo kilo ya misumari. Anza na benchi.